Mama Vitenzi na Rafu ya Bado

Jumatatu ya leo, tarehe thelathini na moja, saa kumi jioni, mkuu wa sehemu ya gemu katika maktaba yetu atarudisha funguo mbili na kalamu moja ya wino mwekundu, na hapo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye dirisha linaloangalia maegesho ya baiskeli, akishughulikia swali moja ambalo wengi wetu tulidhani ni la kupotezea muda: gemu hii ni ya aina gani, na nani amesema?

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyebishana naye kwa muda mrefu kuliko mtumishi mwingine yeyote. Ninakaa dawati la kuazima, hatua kumi na moja kutoka meza yake. Tangu siku ya kwanza nilisema gemu zipangwe kwa alfabeti, kila mtu atafute herufi yake, tuende nyumbani. Wachezaji wakanipachika jina la Alfabeti, na yeye wakamwita Mama Vitenzi. Majina hayo yametuganda kiasi kwamba hata mhudumu wa chai ameyasahau yale ya kwenye vitambulisho. Kwa hiyo anayetegemea sifa tupu hapa atanisamehe.

Alianza kazi chumba cha chini, akibandika namba migongoni mwa vitabu. Wanaoikumbuka enzi hiyo wanasema hakuna lebo aliyoibandika ikakaa upande, na kwamba aliwahi kumrudisha mkuu wake wa kazi kwenye ngazi kwa sababu ya ramani iliyowekwa kwenye droo isiyo yake. Baadaye akapelekwa chumba cha magazeti, kisha chumba cha ramani chenyewe. Kote huko alisifiwa kwa unadhifu na kulalamikiwa kwa ubishi, na mimi nathibitisha yote mawili.

Kisha yakaja masanduku. Hoteli moja iliyokuwa inafunga shughuli zake ilituachia gemu sitini na tatu na mashine mbili za kuchezea, moja ikiwa haina waya. Mkurugenzi wa wakati huo hakutaka makuu. Alisema zipangwe kama vitabu, na kazi akampa yeye, mtu ambaye hajawahi kushika padi ya kuchezea gemu maishani mwake. Naye akafanya kile ambacho mkutubi yeyote mwenye adabu ya kazi angefanya: akatazama jalada, akasoma maelezo ya nyuma, akatafuta namba ya mada. Gemu ya shamba ikaenda Kilimo. Gemu ya hospitali ikaenda Tiba. Ya majeshi ikakaa Historia, na ile yenye picha ya joka, baada ya kufikiriwa sana, ikapelekwa Wanyama.

Wiki ya tatu mkulima mmoja alinijia dawatini akiwa na boksi la gemu ya shamba mkononi. Alieleza kwa upole kwamba dada yake anayo mashine, kwamba walifuata kila hatua, na kwamba nyanya ziliiva kwa dakika tatu. Alitaka kujua ni mbolea gani ile. Nilicheka mpaka ikabidi nijifanye nimeangusha kalamu chini ya dawati.

Mama Vitenzi hakucheka. Alimvutia mkulima kiti, akamwomba amweleze, tangu mwanzo, mikono yake ilikuwa inafanya nini. Mkulima akasema alichimba, akapanda, akamwagilia, akauza, akanunua, akachimba tena. Yeye akaandika maneno hayo kwenye kadi tupu ya katalogi, moja chini ya jingine, akayapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kadi hiyo tunayo mpaka leo na ina doa la chai pembeni. Ndiyo kadi ya kwanza ya sehemu ya gemu. Siku hiyo alielewa kwamba jalada linaeleza gemu inahusu nini, lakini haliwezi kukueleza mchezaji anafanya nini, na mchezaji anakuja kutafuta la kufanya. Kufikia mwisho wa mwezi joka lilikuwa limetoka Wanyama.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza kwa kweli, maana wachezaji nao wana kauli zao. Kila asubuhi tulikuta maboksi yamehama. Gemu moja ya mapanga tuliihesabu ikihama mara kumi na nne katika mwezi mmoja: leo iko Mapigano, kesho iko Kuigiza Mhusika, keshokutwa imerudi Mapigano na imefichwa nyuma ya nyingine. Mimi nilipendekeza bango la onyo lenye herufi kubwa. Yeye aliweka kadi tupu ndani ya boksi, na juu yake akaandika: Ukinihamisha, andika kwa nini. Baada ya wiki mbili watu wawili walikuwa wameijaza kadi pande zote, na mmoja wao alikuwa ameendeleza hoja zake kwenye risiti ya dukani.

Alipozisoma, aliwaita wote wawili waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mmoja kinyozi na mwingine mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alisema mhusika akipata nguvu kadiri unavyocheza, basi hiyo ni Kuigiza Mhusika, kwisha habari. Kinyozi akajibu kwamba hata kwenye gemu za mpira wachezaji wanapata nguvu, je, nazo tuzipeleke huko? Walivutana Jumamosi tatu. Ya nne akawaketisha mbele ya televisheni, mmoja acheze, mwingine ataje kila kitendo kinachofanyika, naye akawa anaandika. Katika saa moja walipata piga mia mbili na kumi na mbili, na chagua arobaini. Gemu ikaenda Mapigano. Mwalimu alinuna miezi miwili, kisha tukamwona anapanda ngazi na gemu nyingine kwapani.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jumamosi ya Hoja, ambayo wageni kutoka maktaba nyingine huja kuitazama wakidhani tunatania. Ina kanuni tatu na rula moja ya mbao ya sentimita thelathini. Mwenye rula ndiye anayesema. Hujacheza, huna neno. Na ya tatu, ambayo imewaliza wengi, ni usitaje babu yake. Wachezaji wana tabia ya kueleza gemu kwa kutaja gemu iliyotangulia: hii ni kama ile, ila na hiki cha ile nyingine. Wao kwa wao wanaelewana, lakini mtu aliyeingia leo anabaki ameduwaa kama mgeni kwenye ukoo asiojua. Mama Vitenzi alikuwa akinyoosha mkono, anairudisha rula kwake, anamwambia msemaji aanze upya na aseme gemu inafanya kazi gani.

Yeye mwenyewe hakucheza. Miaka ishirini na miwili hakugusa padi, wala hakuazima gemu hata moja. Alisema mwamuzi akishapata gemu anayoipenda, ameshakuwa shabiki, na shabiki hapewi filimbi. Nilimtania sana kwa hilo, nikamwambia anafanana na mpishi asiyekula. Aliniambia nirudi kwenye herufi zangu.

Katika mambo yaliyonifanya nianze kulegeza msimamo, ingawa sikumwambia, mojawapo ni ile siku ya muuguzi. Kulikuwa na gemu ambazo ndani yake hupigani, hukimbii, hufungui fumbo. Unatembea tu, unaangalia, unasikia kisa cha watu waliokuwa wakiishi pale. Wachezaji wengi waliziita za kutembea kwa dharau, na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kwamba hizo si gemu, zitolewe kabisa kwenye rafu. Waliongea watu sita, wote upande mmoja. Muuguzi wa wodi ya wazee, ambaye hakuwa amewahi kusema kitu tangu aanze kuja, akanyoosha mkono kuomba rula.

“Mimi kazini nakimbia siku nzima,” alisema. “Nikitoka pale nataka mahali pa kutembea polepole na kuangalia vitu, bila mtu kuniita. Kama huu si mchezo, basi niambieni hii miaka miwili nimekuwa nikifanya nini.”

Mama Vitenzi aliandika tembea, angalia, sikiliza, kisha akainuka kwenda kukata lebo ya rafu mpya. Neno lililoletwa kama tusi ndilo alilolibandika, herufi kubwa, limenyooka kabisa. Leo Rafu ya Kutembea ndiyo inayoazimwa zaidi siku za Jumatatu.

Gemu ambazo hoja zake hazijakwisha zilikuwa na rafu yao karibu na dirisha, imeandikwa Bado. Hapo ndipo palipokuwa pagumu kwake, kwa sababu alijiapia mbele yetu kwamba hataondoka kazini akaiacha rafu hiyo na kitu. Nilimwambia apunguze viapo. Bado ilikuwa na gemu thelathini na moja, na mojawapo ilikuwa imekaa pale miaka sita.

Gemu hiyo inaitwa Nyumba ya Saa. Unaingia kwenye nyumba ya vyumba kumi na viwili, kila chumba kina saa mbovu, na unatakiwa kuitengeneza kabla haijagonga. Ngazi zimeoza, mbao za sakafu zinavunjika. Ukianguka, umekufa, unaanzishwa upya mlangoni na vyumba vinakuwa vimebadilishana mahali. Kambi zilikuwa mbili. Moja iliongozwa na mama mmoja fundi cherehani, aliyesema hiyo ni Fumbo na haihitaji mjadala. Nyingine iliongozwa na dereva wa lori, aliyesema mahali pake ni Rafu ya Kufa na Kuanza, pamoja na gemu nyingine za namna hiyo. Kilichotupa burudani sisi tusiohusika ni kwamba dereva huyo amemwoa binti wa yule mama.

Kwa miaka sita tulishuhudia mtu akimpinga mama mkwe wake kwa heshima zote. Alikuwa anavua kofia, anaishika rula kwa mikono miwili, anaiangalia hiyo rula badala ya kumwangalia mama, halafu anasema kwamba mama yuko sahihi sana, ila kwa ruhusa yake amekosea. Mama naye alikuwa akimwambia mkwewe kwamba amemsikia vizuri, chakula kitakuwa tayari saa saba, na gemu ni Fumbo. Vitenzi vyao kila mmoja alivileta kwenye kadi aliyoiandikia kwake. Kadi hizo hazikulingana hata kwa neno moja. Mama Vitenzi alidhani mmoja wao anachakachua ili ashinde, hivyo kila mwezi akawarudishia wote wawili na neno Rudia kwa wino mwekundu. Nao wakarudia, wakaleta yaleyale.

Mambo yakawa mazito mwezi wa tatu mwaka huu, ulipokuja waraka kutoka makao makuu. Ulisema maktaba zote zitatumia aina zinazotolewa na watengenezaji wa gemu wenyewe. Sehemu yenye mpangilio wake ingeruhusiwa kubaki nao, mradi siku ya ukaguzi kila gemu iwe na mahali pake kwenye rejista. Ikikutwa hata moja haina rafu, mpangilio wote unafutwa, lebo za watengenezaji zinabandikwa, na kadi zinapelekwa stoo. Tarehe ya ukaguzi ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, siku sita kabla ya yeye kustaafu.

Wakati huo tulikuwa na gemu mia nne na kumi na mbili. Tulipoangalia orodha ya watengenezaji, tulikuta mia mbili na tisini kati yake zimeitwa Kusisimua. Anayetaka mbio, anayetaka fumbo, anayetaka kulima na anayetaka kutembea, wote waende Kusisimua, wakasisimke huko. Nakiri hapa kwa mara ya kwanza kwamba siku niliyoiona orodha ile, alfabeti yangu nayo niliiona haina ladha.

Mama Vitenzi hakulalamika. Aliusoma waraka amesimama, akaukunja, akautia mfukoni, akatangaza kwamba Jumamosi ya Hoja sasa itakuwa kila Jumamosi. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumsumbua, na ngazi zetu mnazijua. Alizipanda kila siku kabla sijafika. Nilikuwa nikiingia namkuta ameshafungua dirisha, ameshapanga viti, ameshaandika ubaoni gemu tatu za wiki na majina ya watakaozitetea. Waliokosa kuja aliwapigia simu. Mwalimu mmoja alipigiwa akiwa kwenye harusi ya mdogo wake, akatoa hoja yake ukumbini, muziki ukisikika nyuma. Mwezi wa sita Bado ilikuwa na gemu kumi na tisa. Mwezi wa nane zilikuwa saba. Wiki moja kabla ya ukaguzi ilibaki moja, na mnajua ni ipi.

Jumanne asubuhi nilimfuata mezani kwake. Mkaguzi alikuwa ameshapiga simu kwamba yuko njiani. Nilimwambia, na nilikuwa namaanisha, kwamba achukue lebo ya Fumbo abandike, tumalize ukaguzi, kisha Jumamosi waendelee kubishana mpaka wachoke. Hakuna atakayejua. Nilikuwa nimeshamkatia lebo yenyewe.

Aliitazama ile lebo, akanirudishia. “Nikibandika moja nisiyoiamini,” alisema, “hizi nyingine zote mia nne na kumi na moja zitakuwa ni kubahatisha tu. Niitie fundi na mkwewe.”

Niliona amekosa akili, na nilimwambia hivyo. Nilikasirika pia, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anataka kuzika kazi yake kwa mkono wake, halafu mimi ndiye niliyekuwa na uchungu nayo. Lakini nilipiga simu. Fundi cherehani alikuja na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Dereva aliegesha lori mahali ambapo haparuhusiwi. Mkaguzi alifika dakika chache baada yao, kijana mtanashati mwenye fomu ndefu, akaomba aanze na zile zisizo na utata. Alikagua zote mia nne na kumi na moja, gemu baada ya gemu, na kila aliposita Mama Vitenzi alimfungulia kadi. Ilipofika saa sita alikuwa amebakiza mstari mmoja.

Hapo ndipo Mama Vitenzi alipofanya jambo ambalo kwa miaka sita halikuwa limetokea, na sababu ya kutotokea ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Aliwataka wote wawili wacheze Nyumba ya Saa palepale, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiendelea kutoka mahali alipoishia. Wakati huo ndipo ilipobainika kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mwenzake akicheza. Mama alikuwa akija Jumatano, mkwe akija Ijumaa. Nani angekaa na mama mkwe wake bega kwa bega, padi mkononi, aanze kuanguka na kulaani mbele yake? Heshima ndiyo iliyotuchelewesha. Nasi sote, pamoja na Mama Vitenzi mwenye masikio yake, tulibishania kadi mbili bila kulitazama jambo lenyewe.

Fundi akaanza. Alicheza dakika ishirini na kitu na hakuanguka. Kila ubao aliukagua kabla ya kuukanyaga, kama anavyokagua kitambaa kabla ya mkasi. Aliangalia, akageuza, akalinganisha, akasubiri, akarudi nyuma, akaangalia tena. Ikabainika kwamba katika miaka yote sita hajawahi kufa. Nyumba yake haikubadilika hata chumba kimoja tangu siku alipoingia, na alikuwa akiijua kama jiko lake.

Ikafika zamu ya dereva, na alikuwa anatoka jasho. Alivua kofia, akaiweka magotini.

“Mama, nikianguka usinicheke,” alisema, macho yakiwa kwenye televisheni.

“Mwanangu, binti yangu nimekupa,” alijibu fundi. “Kuanguka kwenye gemu ni kitu gani?”

Akaanguka mara tisa. Alikimbia, akaruka, akaning’inia, akaanguka, akaanza, akakisia mlango, akaanguka, akaanza. Kila alipoanza nyumba ilikuwa nyingine, naye alikuwa mwepesi zaidi. Safari ya kumi alitengeneza saa nne mfululizo kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, na mama mkwe wake akapiga makofi.

Mkaguzi alikuwa anaandika muda wote. Walipomaliza alifunika kalamu, akaomba kuona boksi la gemu ya pili. Mama Vitenzi akamuuliza gemu ya pili ni ipi. Akasema hii aliyocheza bwana sasa hivi. Tukainamia fomu yake. Alikuwa amejaza mistari miwili: wa mia nne na kumi na mbili, Nyumba ya Saa, Fumbo, na wa mia nne na kumi na tatu, jina litajazwa, Kufa na Kuanza. Kijana wa watu alikaa hatua tatu kutoka kwenye kioo, akatazama kwa makini yote, akaamini kwa dhati kwamba ameona gemu mbili.

Mama Vitenzi alikaa chini. Alizitoa zile kadi mbili alizozirudisha miaka sita, akaziweka sambamba mezani, akazisoma moja moja kwa kidole. Kisha akawaomba radhi fundi na dereva, mbele ya mgeni, kwamba alidhani mmoja wao anamdanganya, kumbe wote wawili walimwambia kweli tupu. Na akamwambia mkaguzi asifute kitu.

Mkaguzi alisema haiwezekani, gemu ni mia nne na kumi na mbili, mistari haiwezi kuzidi. Hapo, ndugu zangu, mimi Alfabeti niliinuka kwenye dawati langu. Niliifungua nakala ya waraka, maana ni mimi ninayetunza jalada lake, nikamsomea kwamba kila gemu iwe na rafu, na kwamba hakuna mahali palipoandikwa isiwe na mbili. Aliusoma mwenyewe mara mbili, akiupitisha kidole. Akapiga simu makao makuu, akazungumza na mtu, akasema ndiyo, ndiyo, nimeiona kwa macho yangu. Halafu akasaini.

Kwa hiyo kadi hazikwenda stoo. Diski ya Nyumba ya Saa iko Fumbo, na Kufa na Kuanza kuna boksi lake tupu lenye kadi inayokuelekeza pa kuichukua. Kila moja ina vitenzi vyake. Mkaguzi alipoondoka, Mama Vitenzi aliifuta Rafu ya Bado kwa kitambaa chenye maji, akasimama akiiangalia. Ilikuwa tupu. Mimi nilimletea chai.

Bado ilikaa tupu kwa siku nne. Juzi Jumamosi chumba kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kizingiti cha dirisha, na badala ya gemu wachezaji walileta kadi za kumhusu yeye. Ya fundi ilisema aliangalia, alilinganisha, alisubiri, alisubiri. Ya dereva ilisema alikataa, alirudisha, alikataa, alianza upya. Muuguzi aliandika alisikiliza, peke yake, katikati ya kadi. Kinyozi akataka hesabu ipigwe. Mwalimu akasema haiwezi kupigwa kwa sababu waandishi wote ni mashabiki. Wakaanza. Fundi alisisitiza kwamba huyu ni mtu asiyeanguka. Dereva, kwa heshima zote na kofia mkononi, alisema mama anamsahau mtu aliyepeleka joka kwenye rafu ya Wanyama, kisha akainuka akaanza upya.

Mama Vitenzi aliwaachia saa nzima. Mwisho akanyoosha mkono, akapewa rula. Alikuwa analia na hakujificha.

“Hoja haijakamilika,” alisema. “Irudi Bado.”

Akazikusanya kadi, akaziweka mwenyewe kwenye ile rafu aliyoapa kuiacha tupu. Kisha akanipa mimi rula. Sikuitegemea, na nimeshajulishwa kwamba alfabeti hairuhusiwi.

Watu walipotawanyika alikuja dawatini kwangu, kwa mara ya kwanza akiwa upande wa pili, upande wa waazimaji. Alikuwa ameshika Nyumba ya Saa. Akasema mwamuzi amestaafu, sasa anaweza kuwa shabiki. Nilimgongea muhuri. Anatakiwa kuirudisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao.

Mama Vitenzi, kwa niaba ya watumishi wote, wa ghorofani na wa chini, na kwa niaba ya watu wote uliowarudishia kadi, asante sana. Goti lipone, siku zako ziwe njema na ndefu, na padi isikusumbue. Usirudi tena kazini, lakini Jumamosi ile usikose. Kesi yako ndiyo ya kwanza kwenye orodha, fundi na mkwewe wameshaweka nafasi ya mbele, na wote wanataka kujua kitu kimoja tu: ulianguka, au hukuanguka?